Mishono ya urembo kwenye kwilti ya kitenge: wimbi, unyoya, satini au blanketi?

Ukinunua cherehani ya zigizaga, yaani ile ambayo sindano yake huenda kushoto na kulia, kinachovuta macho kwanza ni ile safu ya mishono iliyochorwa usoni mwake: mawimbi, majani, magamba ya samaki, nyota, mioyo. Aliyezoea kushona kwilti, yaani tandiko la tabaka tatu zilizoshonwa pamoja, kwa mshono ulionyooka huitazama na kujiuliza kama inaweza kushikanisha tabaka, au ni ya kurembea foronya na vitambaa vya meza tu. Inaweza, na kazi yake hupendeza sana. Ila mishono hiyo haiko sawa. Upo unaofaa kupigwa kwilti nzima kutoka ukingo hadi ukingo, upo unaofaa mstari mmoja tu wa heshima, na upo ambao ukiupitisha kwenye tabaka tatu utashinda kutwa unafumua.

Kigezo changu ni kimoja. Kwilti inalaliwa, inavutwa na watoto, inafuliwa kwa mkono na kukamuliwa. Mshono ulio juu yake sharti kwanza uzuie kitambaa cha juu, pamba ya katikati na kitambaa cha chini visihame. Ukishapita hapo ndipo tunauliza kama unapendeza.

Mfano nitakaoutumia ni kwilti ya kitanda kidogo, sentimita 150 kwa 200: juu viraka vya kitenge na khanga, katikati pamba nyembamba ya kutandaza, chini amerikani au shuka kuukuu ya pamba. Vitambaa vyote vimefuliwa kabla ya kukatwa, kwa sababu kitenge kipya kina wanga, khanga nyekundu na nyeusi huchuja, na amerikani hurudi. Ukiruka hatua hiyo, amerikani itarudi chini ya mshono wako baada ya kufua mara ya kwanza, na urembo ulioushona kwa uangalifu wote utakunjamana.

Kwanza mahali, ndipo mshono

Kitenge humeza mshono. Hili huwezi kuliona kwenye picha nyingi za kwilti za Marekani na Ulaya, kwa kuwa nyingi hushonwa kwa vitambaa vya rangi moja au vyenye maua madogo. Kitenge kina michoro mikubwa, rangi tatu nne zinazoshindana, na juu yake ile mistari myembamba ya nyufa za nta. Pitisha hapo mshono wa unyoya kwa uzi wa rangi ya dhahabu, kisha rudi nyuma hatua tatu utazame: umepotea. Peleka mshono uleule, uzi uleule, kwenye ukanda wa rangi moja unaotenganisha viraka, na mgeni atauona tangu mlangoni.

Kwa hiyo, kabla ya kubishana wimbi ni bora au unyoya ni bora, gawanya kwilti yako kwa macho. Sehemu zenye michoro zipe mshono wa kazi, kwa uzi unaofanana na rangi iliyotawala kitambaa. Sehemu tupu, yaani kanda za katikati, fremu ya nje na vipande vya rangi moja, ndizo zinazostahili mshono wa maonyesho. Ukipanga viraka kitenge juu ya kitenge bila nafasi tupu hata moja, mshono wa urembo hautakusaidia kitu. Bora ushone mistari iliyonyooka, uokoe uzi.

Khanga ina utaratibu wake. Pindo, mji na jina havitendewi sawa. Wengi wanaotengeneza kwilti ya khanga za mama au bibi huacha jina likiwa zima, na wanafanya vizuri. Usipitishe mshono wowote mpana juu ya herufi, kwa sababu zigizaga ya milimita 5 inatosha kuzivuruga zisisomeke. Zungushia mshono ulionyooka nusu sentimita nje ya kisanduku cha maneno. Urembo uweke kwenye pindo, na kama pindo lina mistari, ifuate hiyohiyo. Umeshachorewa njia, chaki ya nini?

Wimbi na mshono ulionyooka

Hawa ndio wapinzani wa kweli, kwa kuwa wote wawili wanaweza kubeba kwilti nzima.

Wimbi ni mshono unaokwenda kushoto na kulia kwa mikunjo ya mviringo, kama alama ya nyoka mchangani. Ubora wake mkubwa hauonekani kwenye mchoro: sindano haitaki kitambaa kirudi nyuma hata mara moja. Kila hatua ni mbele. Na hilo ndilo linalotakiwa na mguu wa kutembea, ule mguu mkubwa wenye meno yake upande wa chini na mkono unaokaa juu ya skrubu ya sindano. Meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini, meno ya mguu huu huvuta cha juu kwa mwendo uleule, na tabaka tatu zinatembea pamoja. Bila mguu huo, kitambaa cha juu hubaki nyuma kidogo kidogo, na ukifika mwisho wa mstari wa mita mbili una ziada ya kitambaa isiyo na pa kwenda. Mguu umeundwa kusukuma mbele, na wimbi linakwenda mbele tu, ndiyo maana vinaelewana.

Tatizo la wimbi ni vipimo linavyokuja navyo. Cherehani nyingi hulianza likiwa limebanwa, urefu wa mshono 1 au 1.5, kwa sababu liliwekwa pale kwa ajili ya vitambaa vinavyonyumbuka. Likibaki hivyo kwenye kwilti linakuwa gumu, linakula uzi, na kulifumua ni adhabu. Panua hadi mwisho wa cherehani yako, milimita 5 kwa cherehani nyingi za kawaida, 7 au 9 kwa zile za kompyuta, kisha refusha hadi 2.5 au 3. Hapo mikunjo inafunguka, inapumua, na kwilti inabaki laini mkononi.

Mshono ulionyooka una faida tatu juu ya wimbi: ni wa haraka, unatumia uzi kidogo kuliko mwingine wowote, na unashonwa na cherehani yoyote, ikiwemo ya kukanyaga kwa miguu. Una ubaya mmoja mkubwa, nao ni kwamba hausamehe. Mstari wa mita mbili ukipinda milimita mbili katikati, jicho linakwenda palepale. Na mstari hupinda, kwa sababu kwilti ni nzito, inaning'inia ukingoni mwa meza na kuvuta sindano. Wimbi linasitiri hilo kabisa. Mkono ukiteleza kidogo, mkunjo mmoja unakuwa mnene kuliko mwenzake na hakuna atakayejua.

Kwa anayeanza nasema bila kusita: shona wimbi. Kwa kwilti yenye maumbo makali ya pembetatu na miraba, au yenye maneno ya khanga, mshono ulionyooka ndio wenye adabu zaidi, kwa sababu wimbi linakatiza maumbo bila kujali yalipoishia.

Nafasi kati ya mstari na mstari isiamuliwe na urembo, iamuliwe na pamba. Pakiti nyingi za pamba ya kwilti huandikwa umbali wa juu kabisa unaoruhusiwa. Ipo inayovumilia sentimita 20 hadi 25, na ipo inayotaka mistari ikaribiane kwa 10 au chini yake, la sivyo itakusanyika mabonge baada ya kufuliwa. Kama pamba yako haina pakiti wala maelezo, shika 10. Katika kwilti yetu ya 150 kwa 200 hiyo ni mistari 14 ya mita mbili, jumla mita 28 za kushona. Anza mstari wa katikati, toka nje upande mmoja, kisha upande wa pili, na shona mistari yote kutoka ukingo uleule. Ukipishanisha, huu ukishuka na ule ukipanda, kitambaa kitavutwa mshazari katikati ya mistari na mikunjo hiyo haipotei hata kwa pasi.

Kama cherehani yako haina wimbi, tafuta zigizaga ya hatua tatu, ile ambayo mafundi huitumia kushonea lastiki. Karibu kila cherehani ya zigizaga inayo. Ni ndugu wa wimbi mwenye kona: kila mwendo wa kwenda kushoto au kulia una mishono mitatu midogo, hivyo hakuna uzi mrefu unaoning'inia juu ya kitambaa. Usiichanganye na zigizaga ya kawaida, ambayo kila mwendo ni mshono mmoja mrefu unaonaswa na kucha, bangili na vifungo. Zigizaga ya hatua tatu nayo haina kurudi nyuma. Kwenye vitenge vyenye pembe kali naipenda hata kuliko wimbi.

Unyoya: mzuri kuliko wote, mgumu kuliko unavyodhani

Mshono wa unyoya una shina katikati na vijitawi vinavyotoka kushoto na kulia kwa zamu. Ulikuwa wa mkono kabla haujawa wa mashine. Katika miaka ya 1880 wanawake wa Marekani walishona kwilti za hariri na mahameli ambazo viraka vyake havikuwa na umbo maalumu, na juu ya kila kiungio cha kiraka na kiraka wakapitisha mshono wa mkono wa kurembea. Unyoya ulikuwa mmoja wa waliopendwa zaidi. Kwilti hizo zilivutiwa na sanaa za Kijapani zilizoonyeshwa Philadelphia mwaka 1876. Kutokea huko ndiko tunakojua mahali pa unyoya: juu ya kiungio, si katikati ya kiraka. Shina linakaa juu ya mshono wa kuungia, matawi ya kushoto yanaangukia kitambaa kimoja na ya kulia kingine, na vipande viwili vilivyokuwa wageni vinaonekana kama vilizaliwa pamoja.

Kwa mashine, unyoya hushonwa kwa kwenda mbele na kurudi. Sindano inapiga tawi, kitambaa kinarudishwa, inapiga tena, kinasogezwa. Sasa weka hapo kwilti yenye uzito wake wote. Cherehani inapokwenda mbele, kwilti inayoning'inia inairudisha. Inaporudi nyuma, bonge la kitambaa lililo mbele linaizuia. Tazama mstari wako kwa karibu: matawi ya upande mmoja marefu na yaliyotulia, ya upande wa pili yamefinyana, na shina lililotakiwa kuwa uzi mmoja limekuwa nyuzi mbili tatu zinazokimbiana. Si kosa la mkono wako, na si lazima cherehani iwe mbovu. Ni uzito.

Dawa ipo, na inafaa kujaribiwa kabla ya kuukataa mshono huu. Sogeza meza nyingine kushoto na nyuma ya cherehani ili kwilti yote ilale juu, isining'inie popote. Punguza mwendo. Kama cherehani yako ina kidhibiti cha mgandamizo wa mguu, kilegeze kidogo. Nyingi za kompyuta, na baadhi za kawaida, zina skrubu au kitufe cha kusawazisha mwendo wa mbele na nyuma. Shona kwenye kipande cha majaribio chenye tabaka tatu zilezile na urekebishe mpaka shina likae pamoja. Kuhusu mguu wa kutembea, soma kitabu cha maelezo cha cherehani yako, kwa sababu miguu mingi ya aina hiyo haikuundwa kwa mishono inayorudi nyuma. Ukiutumia, zungusha gurudumu kwa mkono mshono mmoja mzima kwanza, uone sindano haigongi chuma upande wowote.

Wimbi na unyoya ukiviweka ubavu kwa ubavu, hukumu yangu ni hii. Wimbi ni la kwilti nzima. Unyoya ni wa mistari michache iliyochaguliwa, na mahali pake pazuri kuliko pote ni kwenye viungio vya kwilti ya viraka vya ovyo, ile unayotengeneza kwa mabaki ya fundi. Mabaki hayo hayana umbo, hayana mpango, na unyoya mmoja wa rangi moja ukipita kwenye kila kiungio unaipa kwilti nzima mpango iliokuwa haina. Hapo nipo tayari kushona polepole jioni nzima. Kwenye kwilti ya miraba ya kawaida, sioni sababu.

Mshono mwingine unaorudi nyuma ni ule ulionyooka wa mara tatu. Unaacha mstari mnene uliokolea, unapendeza kwa uzi mweupe juu ya bluu ya bahari, na haufumuliki kirahisi. Weka mmoja au miwili, uishie hapo.

Satini: piga hesabu kwanza

Mishono ya satini ni ile iliyojaa uzi: magamba, majani yaliyojazwa, almasi, mioyo, na zigizaga iliyobanwa mpaka kitambaa hakionekani. Ndiyo inayovutia zaidi dukani, na ndiyo nisiyoishauri kwa kushikanisha tabaka.

Sababu ni hesabu. Mshono ulionyooka wenye urefu wa milimita 2.5 hupiga mara 400 kwa kila mita. Zigizaga ya satini yenye urefu wa milimita 0.4 hupiga mara 2,500 kwa mita hiyohiyo. Ikiwa upana wake ni milimita 5, kila pigo linavuta kama milimita 5 za uzi wa juu, jumla mita 12 na nusu za uzi kwa mita moja ya kazi. Mshono ulionyooka unahitaji kidogo zaidi ya mita moja, wimbi lililorefushwa karibu mita moja na nusu. Zidisha kwa mita 28 za kwilti yetu: mita 350 za uzi wa satini, bila kuhesabu wa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Na bobini yenyewe utaibadilisha tena na tena, mara nyingi katikati ya jani, ambako kuunganisha bila alama ni kazi.

Gharama ya uzi ingevumilika. Kisichovumilika ni kwamba satini nzito hubana kitambaa pande zote mbili na kukikunja, hutengeneza ukanda mgumu usiokunjika mwilini mwa aliyelala, na matundu yake yakiwa karibu mno hudhoofisha kitambaa kikaachia kwenye mstari. Kitenge chepesi huachia mapema kuliko kizito.

Satini inafaa ukiishona kabla ya tabaka kuunganishwa. Chukua ukanda wa rangi moja ukiwa bado peke yake, weka chini yake karatasi ya kuchanika au kitambaa kigumu cha ndani, tumia mguu wenye mfereji chini ili uzi ulionenepa upite bila kukwama, shona safu yako ya magamba au majani, toa karatasi, piga pasi upande wa nyuma. Kisha uunge ukanda huo kwenye kwilti, na wakati wa kushikanisha tabaka pitisha mshono ulionyooka pembeni mwa urembo, milimita chache tu. Urembo unainuka kidogo kwa pamba iliyo chini yake, kitambaa cha nyuma kinabaki safi, na kazi ya kushika inafanywa na mshono unaoiweza.

Blanketi, kwa maumbo ya kubandika

Kama kwilti yako ina maumbo yaliyokatwa na kubandikwa juu, ndege, korosho, ua moja kubwa lililokatwa kwenye kitenge, basi linganisha blanketi na satini, kwa sababu hawa wawili wanagombea ukingo uleule.

Satini hufunika ukingo wote, hakuna nyuzi zitakazochomoza, na umbo linatoka na mstari uliokolea. Kwa mfuko wa mtoto wa shule ningeichagua. Kwa kwilti nachagua blanketi: mishono midogo ikifuata ukingo upande wa nje, na kila baada ya hatua moja sindano inauma ndani ya umbo na kurudi. Ni mwepesi, haukazi, na unafanana sana na kazi ya mkono. Udhaifu wake ni kwamba ukingo uko wazi kati ya uma na uma, hivyo umbo lazima libandikwe kwanza kwa utando wa gundi ya pasi, la sivyo litachanika nyuzi likifuliwa. Urefu 2.5 na upana 2.5 unatosha kwa maumbo madogo. Kwa makubwa panua hadi 3.5.

Siri iko kwenye kugeuka. Kwenye mviringo unaotoka nje, simama sindano ikiwa chini upande wa nje wa umbo, inua mguu, geuza kidogo, endelea. Kwenye mviringo unaoingia ndani, simama sindano ikiwa ndani ya umbo. Ukibadilisha hizo mbili, meno ya blanketi yatapishana au yataacha pengo kila kona.

Blanketi unaweza kuushona hata tabaka tatu zikiwa pamoja, ukabandika na kushikanisha kwa pigo moja. Unaokoa muda, na upande wa nyuma unapata kivuli cha ndege au ua lako. Maumbo yawe makubwa na machache tu, kwa kuwa kuzungusha kwilti nzima chini ya mkono wa cherehani kwa ajili ya petali ya sentimita mbili kutakuchosha bila faida.

Cherehani uliyonayo, na unayotaka kununua

Cherehani ya kukanyaga yenye mshono ulionyooka haikufungii mlango. Mistari miwili iliyokaribiana nusu sentimita, kisha nafasi, kisha miwili tena, kwa uzi mnene kidogo, ni urembo kamili. Na kama jirani yako ni fundi wa darizi, mwenye ile cherehani ambayo zigizaga hupanuliwa na kubanwa kwa goti, mpelekee kanda zako za rangi moja kabla hujaziunga. Atakushonea kwa mkono huru majani ambayo hakuna cherehani ya nyumbani iliyo nayo kwenye orodha yake.

Kati ya cherehani ya zigizaga ya kawaida yenye mishono ishirini na ya kompyuta yenye mishono mia mbili, idadi isikuvute. Kwenye kwilti utatumia minne au mitano. Linalostahili kulipiwa ni haya: uwezo wa kubadilisha urefu na upana wa mshono wa urembo wenyewe, kwani baadhi ya cherehani za bei nafuu zimeufunga; sindano kubaki chini ukisimama; mgandamizo wa mguu unaorekebishika; nafasi pana kati ya sindano na mwili wa cherehani, ambako kwilti iliyokunjwa hupita; na mguu wa kutembea unaopatikana kwa aina hiyo. Kitufe cha kugeuza mshono kushoto kwenda kulia ni anasa nzuri, maana mistari miwili ya wimbi inayotazamana hutengeneza mnyororo wa mayai. Bila kitufe hicho utahangaika kuilinganisha.

Ukinunua iliyotumika, geuza usome kibandiko cha umeme kabla hujauliza bei. Zilizotoka Japani hutumia volti 100, za Marekani 120. Umeme wetu ni 230 Tanzania na 240 Kenya. Bila transfoma, mota inaungua siku ya kwanza, na transfoma nayo ina bei yake. Iingize kwenye hesabu.

Uzi, sindano, na upande wa nyuma

Sindano namba 14, iliyoandikwa 90/14. Kama unapata ile ya mishono ya juu yenye tundu refu, chukua hiyo kwa uzi wowote wa kudarizi, kwa sababu tundu pana halichubui uzi. Badilisha sindano kila unapoanza kwilti mpya. Mishono inayopiga mara 2,500 kwa mita huifanya butu upesi, na utaisikia ikigonga kitambaa badala ya kupenya.

Uzi wa kudarizi unaong'aa hupendeza kwenye satini, ila kwa wimbi na mistari yote ya kushika nabaki na pamba au poliesta ya kawaida isiyong'aa. Kumbuka namba za uzi zinakwenda kinyume: 40 ni mnene kuliko 50. Uzi wa rangi zinazobadilika unatoka vizuri kwenye wimbi na unavuruga unyoya, kwa kuwa tawi moja linakuwa na rangi mbili na umbo halisomeki.

Mafundi wa darizi huweka kwenye bobini uzi mweupe mwembamba, kisha hulegeza tensheni ya juu, yaani mkazo wa uzi, ili uzi wa rangi uzame chini kidogo. Kwenye shati upande huo umefichika. Kwilti ina nyuma inayoonekana, na wapo wanaoigeuza wakatumia pande zote mbili, kwa hiyo bobini ipate uzi wa rangi inayokubaliana na kitambaa cha chini, na tensheni isilegezwe zaidi ya nusu namba. Kabla ya kuanza piga bandi, mishono mirefu ya muda, tabaka zote tatu, au tumia pini za kufunga kila baada ya upana wa kiganja. Mishono ya urembo husogeza kitambaa pembeni pia, si mbele tu, na bandi za mbalimbali hazitoshi.

Ukingo

Umebaki utepe wa kufunga ukingo, na hapa mshono wa urembo unaweza kukuokoa kushona kwa mkono mzingo mzima wa mita saba. Shona utepe kwanza upande wa nyuma wa kwilti kwa mshono ulionyooka, ugeuzie mbele ufunike mshono huo kwa milimita mbili, kisha uushikize juu kwa mashine. Zigizaga ya hatua tatu inashika kuliko yote na inakwenda haraka. Blanketi inapendeza zaidi, uti wake ukifuata kitambaa nje ya utepe na meno yakiuma utepe. Wimbi siliweki hapa, kwa sababu mikunjo yake ikitoka nje ya utepe mwembamba inaonekana kama mkono uliyumba. Kwenye kona, simama sentimita mbili kabla, pima kwa gurudumu la mkono mishono mingapi imebaki, na urefushe au ufupishe kidogo ili jino la mwisho liangukie konani.